Karte ya Naomie na Veston ya Baba

Treni ya kutoka Bukama iliingia Kamina na watu wamekaa hata juu ya mizigo. Gare yote, stesheni nzima, ilikuwa makelele: wachukuzi wanagombania vitunga, wamama wanaita watoto wao, wauza maji wanapita katikati ya miguu ya watu. Naomie alishuka nyuma ya wengine wote, maana mtu mwenye samaki hashuki mbele ya samaki zake. Alikuwa amefunga kikwembe cha kijani chenye maua makubwa ya manjano, kitambaa cha namna ile ile kichwani, na raba miguuni, kwa sababu safari ya ziwa haitaki mapambo.

Kamba ya kitunga kimoja ikakatika. Samaki wakavu wakamwagika chini.

"Mama, samaki yako inakimbia!" mtu mmoja akaita.

"Ilisha kufa, papa. Inakimbia kwenda wapi?"

"Inanifuata minyi. Angalia, hii moja imepanda juu ya kiatu yangu."

Naomie akaangalia kiatu. Kilikuwa cheusi, kinang'aa kama sufuria mpya. Mwenye kiatu alikuwa kijana mrefu, shati nyeupe, pasi imepita mpaka kwenye mikono. Yule kijana akatoa kitambaa mfukoni, akapangusa kiatu chake kwanza, halafu akainama kuokota samaki. Mabinti, angalieni hapo: kiatu kwanza, samaki nyuma. Naomie aliona, akacheka. Sisi wamama tungeona, tusingecheka.

"Unaitwa nani?" kijana akauliza.

"Jina haiuzwe. Nunua samaki."

"Minyi ni Mukalay. Niko natumika kwa depo ya mizigo, pale nyuma ya gare. Samaki nitanunua, lakini nataka yenye kucheka kama weye."

"Samaki yenye kucheka ilisha kuoza, papa."

Hata wachukuzi walicheka. Mukalay akabeba kitunga kile begani mpaka nje, akiinua miguu juu juu kwa ajili ya vumbi, na kabla ya kuachana alikuwa ameshapata namba ya telefone.

Kutoka siku ile telefone haikupumzika.

"Allo, mama samaki."

"Allo, papa kiatu."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini bila minyi?"

"Bukari. Imeshuka muzuri tu bila weye."

"Naomie, unanichoma roho!"

"Mwangia maji."

Mapenzi yalianza hivyo, kwa kuchekana. Mukalay alikuwa mtu wa maneno matamu, na hakuwa mtu mubaya wa kuzaliwa. Alimpenda Naomie kweli. Niliandike wazi, ili msidhani hadithi hii ni ya mwizi na mwenye kuibiwa. Ingekuwa hivyo isingeuma sana.

Kazi ya Naomie ilikuwa hii. Alinunua nyavu na chumvi kule Lubumbashi, akavipeleka mpaka Kinkondja, kule ziwani, akawapa wavuvi. Wavuvi walimlipa kwa samaki. Samaki walipanda mtumbwi mpaka Bukama, kutoka Bukama treni mpaka Kamina, na hapa sokoni wanawake waliwangoja. Kwa sababu kazi ilikwenda vizuri, benki moja ya mji ilimpa karte ya deni: unanunua leo, benki inalipa, mwisho wa mwezi weye unarudisha. Hakuchelewa hata mara moja. Wanawake wa soko walikuwa wanamwita Mama Karte, wengine kwa heshima, wengine kwa wivu.

Bila karte, hakuna nyavu. Bila nyavu, hakuna samaki. Naomie alilijua hilo kama anavyojua jina lake.

Siku moja aliingia jikoni kwa mama yake, Mama Kyabu, aliyekuwa anapepeta unga.

"Mama, naenda ziwani. Safari hii wavuvi wako wengi, nyavu haitatosha. Mukalay anaenda Lubumbashi na kazi ya patron yake. Nimemupa karte aninunulie zingine."

Mama Kyabu akaacha lungo.

"Na namba ya siri?"

"Mama, bila namba mashini haikubali."

"Naomie. Karte ni kama nguo ya ndani. Unaazima mutu nguo ya ndani?"

"Mama! Mukalay njo atanioa."

"Ata kama anakuoa. Ule mwanaume anapangusa kiatu sana."

"Sasa usafi iko zambi?"

"Haiko zambi. Nasema tu."

Mama Kyabu akarudia unga wake. Mpaka leo anajiuliza kwa nini alisema tu, kwa nini hakufunga mlango wa lupango, ua wa nyumba yao, na kusimama mbele yake.

Kule Lubumbashi, Mukalay alinunua nyavu. Alinunua na chumvi, akavituma vyote ziwani kwa Naomie. Mpaka hapo mikono yake ilikuwa safi. Lakini alipokuwa anarudi kituoni alipita mbele ya butike moja, na ndani ya kioo kulikuwa na veston ya kahawia, koti la suti la vifungo viwili, imesimama kama mheshimiwa.

Papa Kabange, baba wa Naomie, alikuwa ameomba mahari kama ile aliyopewa kwa binti yake mkubwa, aliyeolewa na mtu wa mgodi kule Kolwezi. Mukalay alikuwa na mshahara wa depo tu. Kila akifikiri siku ya kuingia na mikono mitupu kwa wakwe, jasho lilimtoka. Akaingia butike. Akaweka karte kwenye mashini, akapiga namba. Mashini ikalia *tii*, ikakubali. Haikumuuliza weye ni nani.

Baada ya veston, mkono ulikuwa mwepesi. Vikwembe vya super wax kwa mama mkwe: *tii*. Sufuria: *tii*. Taa, kinga ya mjomba, yaani baiskeli: *tii*, *tii*. Akatoa na franga mkononi, pesa za kununua mbuzi. Na kwa sababu bwana harusi naye ni mtu, akajinunulia viatu vipya, vyekundu kidogo, ncha ndefu.

"Nitarudisha yote mbele ajue," alijiambia. "Tutakuwa bibi na bwana. Franga ya bibi na ya bwana si ni moja?"

Naomie alikuwa ziwani, mahali ambapo rezo ya telefone inapatikana ukipanda mlima, na mwenye kazi hana muda wa kupanda mlima. Aliporudi Bukama, ujumbe wa benki uliingia wote mara moja, *ti-ti-ti-ti*, kwa Kifaransa. Aliona jina la benki tu. "Ni nyavu," akajiambia, akafunga telefone. Kamina Mukalay alimrudishia karte mkononi, naye hakuuliza zaidi.

Wakwe walikuja siku ya Jumamosi. Walisimama mlangoni kama desturi inavyotaka, wakaimba mpaka wakafunguliwa. Mama zake Mukalay walibeba sufuria kichwani, wakicheza. Mbuzi aligoma, akavutwa. Mjomba wa Naomie alipanda kinga palepale ndani ya lupango, akazunguka mti wa maembe, watu wakapiga vigelegele. Papa Kabange alivaa veston juu ya shati yake ya kila siku, akageuka huku na huku.

"Iko sawa?"

"Papa, uko depite wa bunge!" jirani mmoja akaita.

"Wafwako, aksanti sana, mukwe," Papa Kabange akamwambia Mukalay, na sauti ilikatika kidogo. Alikuwa fundi wa matofali maisha yake yote. Hakuwa amewahi kuvaa veston ambayo haikuvaliwa na mtu mwingine kabla yake.

Naomie, katika kanzu nyeupe ya mikono mipana, alimvuta Mukalay pembeni.

"Umetoa wapi hii yote?"

"Patron amenikopesha. Mwanamuke kama weye, mutu hamukose juu ya bei."

"Unanipenda ile kiasi?"

"Kupita ile."

Akalia kwa furaha. Mama Kyabu alipokea vikwembe vyake, akavishika kwenye mapaja, akaangalia viatu vipya vya Mukalay.

Benki ilipiga simu wakati wa kupanga harusi ya kanisani. Naomie alikuwa kwenye duka la chumvi, karte imekataa mara tatu.

"Mama Naomie? Ni Shafii, wa benki. Karte yako tumeisimamisha. Kuko uchunguzi. Kuya tuzungumuze."

Bwana Shafii alikuwa mtu wa familia za zamani za wafanyabiashara kutoka Maniema, mtaratibu, kofia nyeupe kichwani, na aliongea polepole kama mtu anayehesabu mayai. Alimpa Naomie kiti.

"Tangu tunakupatia karte haukutusumbua. Lakini ile mwezi imekula kuliko mwaka muzima. Wakubwa ya Lubumbashi wameogopa. Wanataka kujua utarudisha na nini."

"Na samaki."

"Wanataka fiche, karatasi ya mushahara."

"Papa Shafii, samaki haitoe fiche."

Shafii akacheka kidogo, kisha akaacha.

"Njo maana nimekuita. Kama hatuelewe, karte inafungwa, na deni yote wanaiomba mara moja. Haya. Nyavu na chumvi, iko yako?"

"Iko yangu."

"Veston ya mwanaume?"

"Veston?"

"Kuko veston moja. Siku ile ile, vikwembe, super wax. Sufuria. Taa. Kinga. Franga ya mukononi. Kiatu ya mwanaume."

Kila neno alilolisema, Naomie alikuwa analiona limekaa sebuleni kwao. Baridi ya mashini ya hewa ilimshika shingo.

"Veston iko rangi gani?" akauliza.

"Mashini haiseme rangi, mama."

"Iko kahawia," Naomie akasema. "Na vifungo mbili."

Shafii akaweka kalamu chini.

"Nani alibeba karte?"

"Mupenzi wangu. Nilimupa mwenyewe. Kwa nyavu na chumvi."

"Basi akuje aseme. Akikubali mbele yangu kama njo yeye, tunaandika makubaliano, analipa polepole, na karte yako inapona. Polisi haikuje hapa. Akikana, inabaki ya kwako yote."

Naomie akapiga simu papo hapo. Shafii akamwomba aifungue sauti ili naye asikie.

"Bibi harusi wangu!" Mukalay akaita. "Ulikuwa unaniota?"

"Mukalay, niko kwa benki. Papa Shafii iko hapa, anasikia. Hakuna mwenye anataka kukufunga. Sema tu kweli. Veston, vikwembe, kinga, ni weye ulinunua na karte yangu?"

Kwa upande wa pili ilisikika sauti ya magunia yanatupwa chini, na mtu anacheka mbali.

"Bwana Mukalay?" Shafii akaita.

"Nasikia."

"Ni weye?"

"Karte iko na jina ya nani?"

"Ya Mama Naomie."

"Basi uliza mwenye jina. Minyi mambo ya karte sijue."

Simu ikakatika. Naomie hakulia. Alikunja kikwembe chake vizuri juu ya magoti, akakikunja tena, kama mtu anayefunga mzigo wa safari.

Mukalay alimngoja njiani, karibu na duka la mikate, jua la saa nane juu ya vichwa vyao. Shati nyeupe, viatu vipya.

"Sheri, mupenzi wangu, elewa. Ule muislamu angeniandika mu mashini, patron angesikia, kazi inakufa."

"Na kazi yangu?"

"Yako iko na nguvu. Weye ni Mama Karte! Nilitaka tu papa yako asinidharau."

"Ungeniambia."

"Ungekubali?"

"Ningekubali hata mbuzi moja! Ningemwambia papa, huyu njo uwezo yake, na minyi namutaka."

"Sasa si mambo imekwisha? Dot, mahari yenyewe, imetoka, tunaoana, ni franga ya nyumba yetu."

"Dot ya nani, Mukalay? Umenioa na samaki yangu." Sauti yake ilipanda, watu wa mikate wakageuka. "Na kiatu? Kiatu nayo ilikuwa ya papa?"

Mukalay akaangalia viatu vyake.

Kumwambia baba ndiyo ilikuwa kazi ngumu. Papa Kabange alikuwa anavaa ile veston kila mahali, misa, kilio, hata kwenda kumsalimu jirani. Naomie alimkuta amekaa nayo chini ya veranda, anakula karanga. Naomie alipiga magoti, akaeleza yote, bila kuongeza wala kupunguza.

Mzee alisikiliza. Akaweka karanga chini. Akafungua kifungo cha kwanza, akafungua cha pili.

Jioni familia ikakaa. Kwetu, ndoa ikivunjika, familia ya mwanamke inarudisha mahari kwa mwanaume; kila mtu anajua hivyo tangu utoto. Mjomba, aliyekuwa hataki kuachana na kinga yake, akauliza:

"Sasa dot tunarudisha kwa nani?"

Mbuzi alikuwa anatafuna kamba yake kando.

Papa Kabange akaingia ndani, akatoka na veston imekunjwa, mikono ndani, kama nguo ya dukani. Hakumpa mjumbe wa wakwe. Alimpa binti yake, kwa mikono miwili.

"Mwanangu, chukua dot yako. Uliilipa weye mwenyewe. Nisamehe, niliomba kikubwa, sikuuliza inatoka wapi."

Hapo ndipo Naomie alipolia, mpaka kitambaa kikaanguka kutoka kichwani.

Mama Kyabu akaleta vikwembe vyake, bado havijakatwa. Mjomba akaangalia mbali, akasukuma kinga mbele. Wakauza vyote ili kupunguza deni, kwa wiki zilizofuata, kwa bei ya hasara, maana kitu cha mahari iliyokufa hakina mnunuzi wa haraka. Watu walisema sana. Kwenye pompi ya maji walikuwa wananyamaza Mama Kyabu akifika, na kunyamaza kule kulikuwa kubaya kuliko masengenyo.

Samaki ndio waliosema kwa niaba ya Naomie. Alimwomba Shafii aje gare siku ambayo vitunga vyake vya mwisho vinafika, vile vya nyavu alizogawa kabla karte haijasimama. Shafii akaja, kofia kichwani, akasimama katikati ya wanawake wanaosukumana, akapiga picha na telefone yake, akauliza huyu ananunua kiasi gani, na yule je. Mwanamke mmoja alimkanyaga.

"Papa, ununue ao utoke!"

Akatoka, anacheka, ananuka samaki mpaka kwenye kofia. Akatuma picha, na wakubwa wa Lubumbashi wakakubali. Karte ikafunguliwa, lakini ndogo, kama ya mtu anayeanza, na deni Naomie alilimaliza mwenyewe, safari kwa safari. Mvua ikaja, ikaenda.

Halafu Mukalay akarudi.

Alikuwa ameacha kazi ya depo na kupotelea kule Bukama, anapakia mitumbwi. Naomie alishuka kwenye treni, akamwona amesimama palepale pa siku ya kwanza. Alikuwa amekonda. Shati nyeupe ilikuwa imepasuka kwenye kola, lakini viatu vilikuwa vile vyekundu vya ncha ndefu, vinang'aa. Mkononi alishika kikwembe kimoja, kimefungwa kwenye karatasi.

"Mama samaki."

Naomie alitaka kupita. Miguu haikutaka.

"Papa kiatu," akajibu polepole.

"Hii ni ya mama yako. Moja tu. Nilinunua na mukono yangu, minaapa. Nitaleta ingine, na ingine, mpaka iishe. Naomie, sijalala vizuri tangu ile siku. Bukari haishuke bila weye."

Akacheka kidogo, na Naomie naye, bila kutaka, akacheka. Naandika kweli: alimpenda bado.

"Sitaki kikwembe, Mukalay. Nataka kitu kimoja."

"Sema."

"Twende kwa Papa Shafii. Umwambie ile yenye ulikana. 'Ni minyi.' Maneno mbili. Deni ilisha kwisha, hakuna mwenye atakuomba franga. Ukisema, kesho unakuja kwa papa yangu na ile kikwembe yako moja, na minyi nitafungua mulango."

"Ile tu?"

"Ile tu."

Mukalay akajitwika kitunga begani. Walitembea pamoja kwenye barabara ya vumbi, na kwa muda ule mdogo Naomie alikuwa na harusi yote kichwani: kanisa, kanzu, baba yake na shati yake ya kila siku. Mukalay alikuwa anatania, anauliza kama samaki wamejifunza kucheka.

Wakafika kwenye mlango wa benki. Mlinzi akawafungulia. Kwa ndani Shafii aliinua kichwa, akawaona wawili, akasimama.

"Ingia," Naomie akasema.

Mukalay akaweka kitunga chini. Akatoa kitambaa mfukoni, akainama, akapangusa kiatu cha kulia. Halafu cha kushoto. Halafu tena cha kulia. Viatu vilikuwa safi. Aliendelea kupangusa.

Naomie alingoja mpaka mlinzi akachoka kushika mlango, akauachilia.

"Mukalay."

"Vumbi, sheri," akasema bila kuinua macho. "Nakuja. Vumbi tu."

Naomie akainama, akashika kitunga chake, akakipandisha kichwani peke yake. Kilikuwa kizito. Aliondoka, na hakugeuka kutazama kama yule mtu amesimama au bado ameinama.

Nyumbani Mama Kyabu alikuwa amekwisha kupika. Mambo ya Kamina yanakimbia kuliko treni. Alikuwa ameshasikia nani yuko mjini.

"Aliingia?"

"Hapana, mama."

Mama Kyabu akasogeza sahani ya bukari karibu, na maji ya kunawa.

"Karte iko wapi?"

Naomie akagusa kifua chake, ndani ya nguo.

"Muzuri," mama akasema. "Nawa, tukule."